Uzi: Kufurahia neema ya mwenzako, dawa ya Wabudha kwa roho ya kwa nini

#1 Mwana Upanga (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Kwenye nyuzi za msongo wa mawazo humu jamvini kuna lalamiko linalojirudia. Mtu ana kazi, ana afya, watoto wanakula na kusoma, lakini usiku akifungua simu akaona aliyesoma naye kaezeka nyumba, usingizi unakata. Wengine huita gere, wengine roho ya kwa nini. Majibu anayopewa ni yale yale: punguza mitandao, au shukuru ulicho nacho. Yanasaidia kidogo. Mimi nataka kueleza njia nyingine, ambayo Wabudha wameifanyia mazoezi kwa zaidi ya miaka 2,000, na ambayo naamini ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupata furaha isiyotegemea mshahara.

Nilisoma Sri Lanka nikiwa mpangaji kwa familia ya Wabudha karibu na mji wa Kandy. Niliporudi Dar nimeendelea kwenda kukaa taamuli, yaani kutafakari kwa utulivu, kwenye hekalu la Wabudha la Upanga. Kwa wasiolijua, ni la zamani, lilianzishwa na Wasinhala, kabila kubwa la Sri Lanka, waliokuja kufanya kazi huku enzi za ukoloni. Sijaja kumbadilisha mtu dini. Nimekuja kueleza mazoezi.

Buddha alifundisha hali nne za moyo ambazo mtu anatakiwa kuzikuza mpaka ziwe makazi yake. Majina yake ni ya Kipali, lugha ya maandiko yao. Metta ni kumtakia heri kila kiumbe. Karuna ni huruma kwa anayeteseka, ile inayotamani mateso yake yaishe. Mudita ni kufurahia neema ya mwingine. Upekha ni utulivu wa moyo usioyumba kwa sifa wala lawama, kwa faida wala hasara.

Vitabu na video nyingi vinaishia kwenye metta. Mudita haizungumzwi sana, nami naona ndiyo tunayoihitaji zaidi. Kumhurumia aliyeanguka tunakuweza. Msiba ukitokea mtaani turubai linafungwa, rambirambi zinachangwa, watu wanalala pale matanga. Shughuli ni aliyepanda. Jirani akinunua gari, ni wangapi mioyo yao inakwenda naye kama ilivyokwenda alipofiwa?

Kule Kandy niliona namna mudita inavyoishi ndani ya nyumba. Kila mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa, wanaiita Poya, na siku hiyo pombe haiuzwi. Mama mwenye nyumba alikuwa akivaa nguo nyeupe anakwenda kushinda hekaluni akishika amri nane badala ya tano za kila siku. Familia nazo hupeana zamu za kuwapelekea watawa chakula. Zamu yetu ikifika, nyumba inaamka alfajiri: wali, mchuzi wa dengu, fenesi bichi lililopikwa kwa nazi. Jirani akipita akaona masufuria yanatolewa, anasimama, anaunganisha viganja na kusema, "Sadhu, sadhu, sadhu." Ni namna ya kusema vyema, vyema, vyema. Hakutoa hata punje ya mchele. Lakini wanaamini kwamba anayefurahia kwa dhati wema uliofanywa na mwingine, naye anapata fungu lake la thawabu, na la mtendaji halipungui, kama taa inavyowasha taa nyingine na mwanga wa kwanza ukabaki vile vile.

Fikirieni maana yake. Kwao, mtu akifanya jema mbele yako hujashindwa. Umefunguliwa mlango na wewe uingie.

Halafu kuna Vesak, mwezi mpevu wa Mei, wanapokumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kuamka kwake na kufa kwake. Barabarani kunajaa vibanda vya dansal, chakula cha bure kwa yeyote anayepita. Vijana wanasimama katikati ya barabara na kusimamisha magari na mabasi, wanakusihi ushuke ule. Haulizwi mtu dini wala uwezo. Tajiri na kuli wanapanga foleni moja, na wewe unayepokea unaambiwa pokea kwa furaha, maana furaha yako ni sehemu ya sadaka ya yule anayetoa.

Sasa mazoezi yenyewe. Karne ya 5 aliishi Anuradhapura, mji wa kale wa Sri Lanka, mtawa mwanazuoni aitwaye Buddhaghosa, aliyekusanya mafunzo haya kwa mpangilio ambao walimu wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Sri Lanka, wanaufuata mpaka leo. Kwenye mudita anashauri usianze na adui, wala na mtu usiyemjua. Anza na rafiki mcheshi, yule ambaye hucheka kwanza ndipo huongea. Nilipofundishwa hili nilimpata wangu hapo hapo, na naamini kila mmoja wenu anaye. Kaa kimya, mlete moyoni akiwa kwenye hali yake nzuri, na useme polepole: "Neema uliyoipata isikuondoke." Kwa viumbe wote, maneno ya asili ya Kipali yana maana hii: viumbe wote wasipokonywe neema waliyoipata.

Moyo ukishapata joto kwa huyo, unamhamishia mtu wa kawaida, usiyempenda wala kumchukia: muuza vocha, kondakta wa daladala. Mwisho kabisa ndipo unamfikia yule anayekupandisha presha.

Nje ya taamuli mimi hufanya hivi. Nikikuta habari njema kwenye kundi la WhatsApp, kabla ya kuandika "hongera" naishusha simu, navuta pumzi, nasema moyoni yale maneno, ndipo naandika. Jambo dogo, la sekunde chache. Lakini hongera zikianza kutoka ndani, furaha ya siku inapata vyanzo vingi. Mwenye kutegemea mafanikio yake peke yake atafurahi mara chache kwa mwaka. Mwenye kufurahia ya watu wote hakosi.

Karibuni tujadili.

#2 Kaka wa Isevya

Uzi mzuri mkuu, ila nina shaka. Mimi nikisema "neema yako isikuondoke" huku ndani naungua, si unafiki huo? Bora nikae na wivu wangu nikiujua.

#3 Mwana Upanga

Mkuu, shaka yako ni ya haki. Mudita haitaki uigize. Ndiyo sababu unaanza na rafiki ambaye furaha yake hukupata bila kulazimishwa. Unachokifanya pale ni kuijua ladha yake, ili siku nyingine uitambue hata ikija kidogo.

Ukiungua, usikimbilie kusema maneno. Tazama kwanza moto wenyewe: uko kifuani au tumboni, unapanda au unashuka? Watawa wanafundisha kuutazama wivu kama kitu kinachokuja na kuondoka, bila kuutukana na bila kuutii. Ukishatulia, sema kile unachoweza kukisema kwa ukweli siku hiyo. Pengine ni "watoto wake walale salama kwenye nyumba hiyo." Hapo umeanza. Wanaonya pia kuhusu kitu kinachofanana na mudita lakini siyo: msisimko wa kujipendekeza, unaposhangilia gari la bosi kwa sababu unatarajia lifti. Hiyo wanaiita adui wa karibu, kwa kuwa inavaa nguo za mudita. Husuda ndiye adui wa mbali, huyo unamtambua mara moja.

#4 Binti Makunduchi

Assalaam aleikum. Nimesoma nikakumbuka chuoni. Mtume (SAW) amesema hatoamini mmoja wenu mpaka ampendelee nduguye kile anachojipendelea nafsi yake. Na kila siku tunasoma Suratul Falaq tukijikinga na shari ya hasidi anapohusudu. Sisi tumefundishwa pia ukiona neema kwa mwenzio sema MashaAllah, umwombee baraka. Kwa hiyo jambo si geni kwangu. Ninachouliza ni hivi, kaka: hayo mazoezi yanahitaji kusujudia sanamu au kusoma maneno yao? Maana hapo mimi siwezi.

#5 Mwana Upanga

Waaleikum salaam dada. Hapana. Mazoezi ya kukaa kimya na kumtakia mtu heri hayahitaji sanamu wala Kipali. Pale Upanga nimewakuta Waislamu na Wakristo wanaokaa taamuli na kwenda zao, hakuna aliyewauliza. Hayo ya kusujudu na kutoa maua ni ibada ya Wabudha wenyewe, na ni sahihi kabisa wewe kubaki na mipaka ya dini yako. Ulichosema kuhusu MashaAllah nimekipenda sana. Kitu ambacho naona Wabudha wanaweza kukuongezea ni ule muda wa kukaa nalo: kwa robo saa, mtu mmoja mmoja, mpaka liingie mwilini.

#6 Nesi wa Zamu

Naomba nipeleke mada upande wa huruma. Nafanya kazi wodi ya watoto. Mwanzo nilikuwa nalia na kila mama. Sasa hivi silii tena, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nikirudi nyumbani sitaki hata mwanangu aniguse. Walimu wako wanasemaje kwa mtu ambaye huruma imemwishia?

#7 Mwana Upanga

Dada yangu, pole sana, na asante kwa kusema wazi. Nitakujibu kwa urefu.

Kwa mafundisho yale, adui wa karibu wa karuna ni huzuni. Vinafanana mno. Unamwona mtoto anaumia, na wewe unaumia, unadhani hiyo ndiyo huruma. Lakini huzuni inakurudisha kwako: maumivu yako, kuchoka kwako, hamu yako ya kutoka wodini. Karuna inaelekea kwa mtoto. Inasema "uondokewe na maumivu haya," na ndani yake kuna joto, hata kuna utamu fulani, kwa kuwa ni upendo uliokutana na mateso.

Kuna ushahidi wa maabara pia. Matthieu Ricard ni Mfaransa aliyepata shahada ya uzamivu ya baiolojia kwenye taasisi ya Pasteur mwaka 1972, kisha akaenda Himalaya akawa mtawa wa Kibudha wa Kitibeti. Mwaka 2007, kule Maastricht, Uholanzi, mwanasayansi Tania Singer alimlaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kumwomba ahisi maumivu ya wengine tu, bila kutia ile taamuli ya huruma. Ricard alitumia kumbukumbu ya filamu ya watoto yatima wa Romania. Haikufika saa moja akawa hoi. Alipopewa nafasi ya kuhamia kwenye huruma yenye upendo, picha za wale wale watoto hazikumkimbiza tena, alitamani kuwakumbatia. Baadaye Singer na wenzake, akiwemo Olga Klimecki, wakawafundisha watu wa kawaida kwa njia mbili. Waliofundishwa kuhisi maumivu ya wengine walizidi kuelemewa walipoonyeshwa video za mateso. Walipoongezewa mafunzo ya huruma, hisia njema zilipanda, na ile hali ya kuelemewa ikashuka.

Kwa hiyo, kwa ninavyoelewa mimi, huruma haijakuishia. Umechoshwa na kubeba maumivu, na mwili umefunga mlango kujilinda. Ukishika mpini wa mlango wa wodi, simama pumzi moja na useme moyoni: "Nikiwa hapa, nawatakia nafuu." Ukimshika mtoto mkono kutafuta mshipa, pumua taratibu na umwelekezee maneno hayo hayo yeye peke yake. Ukitoka, jitakie na wewe. Taamuli ya metta kwa kawaida huanza na mwenyewe: niwe salama, nisiwe na chuki, niwe na amani. Watu wengi wanaruka hapo kwa kudhani ni ubinafsi. Tafadhali usiruke. Na ukiona giza halitoki, zungumza na mtaalamu hapo kazini, taamuli haichukui nafasi yake.

Na wewe unaifanya karuna yenyewe kila siku, hata usipolia. Sri Lanka kuna chama cha kujitolea macho kilichoanzishwa na Dk. Hudson Silva mwaka 1961. Watu wanaandika ahadi kwamba wakifa konea zao, ule utando angavu wa mbele ya jicho, wapewe vipofu. Mwaka 1964 za kwanza zilipelekwa Singapore, na tangu hapo zimekwenda nchi nyingi. Watoto kule wanakua na kisa cha Mfalme Sivi, aliyetoa macho yake kumpa kipofu, wakiamini kwamba mfalme yule ni Buddha mwenyewe katika maisha yake ya awali. Kisa cha kale kikawa fomu ya hospitali. Huruma yao ina saini na tarehe. Yako ina sindano na dripu.

#8 Nesi wa Zamu

Nimeisoma mara mbili nikiwa kwenye basi. "Kubeba maumivu" ndilo lenyewe. Nitajaribu hapo mlangoni.

#9 Mchambuzi Huru

Samahani nitaharibu hali ya hewa, lakini lazima lisemwe. Sri Lanka hiyo hiyo ya sadhu na dansal ilipigana vita ya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1983 mpaka 2009. Waziri Mkuu Bandaranaike alipigwa risasi na mtawa mwaka 1959. Na Myanmar, nchi ya Wabudha wengi, mwaka 2017 zaidi ya Warohingya 700,000, Waislamu wa huko, walikimbilia Bangladesh, na walikuwepo watawa waliochochea chuki. Huruma hiyo ilikuwa wapi?

#10 Mwana Upanga

Hujaharibu kitu mkuu. Yote uliyoandika ni kweli na mimi siyapambi. Nimekaa na Watamil, kabila dogo la Sri Lanka, waliopoteza ndugu katika vita ile, na hakuna mwezi mpevu unaofuta hilo.

Ninavyoona mimi ni kwamba mtu anaweza kuzaliwa Mbudha, akajua nyimbo zote, na asifanye zoezi hata moja la kuvuka mipaka ya kabila lake. Zoezi lenyewe linalijua hilo. Buddhaghosa ana kipimo kigumu mno. Chukulia umekaa na watu watatu: unayempenda, usiyemjali, na adui yako. Majambazi wanakuja wanataka mmoja wa kuchinjwa, na wewe ndiye wa kuchagua. Ukimtaja yeyote, hata ukijitaja wewe mwenyewe, bado kuta hazijavunjika moyoni mwako. Kwa kipimo hicho watawa wa chuki wamefeli na majoho yao mwilini.

Lakini walikuwepo wengine. A. T. Ariyaratne alikuwa mwalimu wa sekondari Colombo. Mwaka 1958 aliwachukua wanafunzi wake wakaenda kufanya kazi kwenye kijiji cha Kanatoluwa, ambako waliishi watu wa tabaka lililodharauliwa. Walichimba visima na vyoo, wakala na kulala na wenyeji. Hapo ndipo ilipozaliwa Sarvodaya Shramadana, harakati iliyofika maelfu ya vijiji, vya Wasinhala na vya Watamil. Misingi yake ni zile hali nne, nazo zikiwa kazi za mikono. Metta ndiyo sababu ya kwenda kijijini. Karuna ni lile jembe. Mudita ni furaha ya kuona barabara imefika kwa mwenzako. Upekha ni kuendelea bila kujali sifa na matusi. Ghasia za Julai 1983 zilipowakumba Watamil, Sarvodaya iliwahudumia waliokimbia makwao. Mwaka 2002 umati mkubwa ulikusanyika Anuradhapura, ukakaa kimya kutafakari amani. Ariyaratne amefariki 2024. Hakuizuia vita. Ila kuna watu waliookolewa, na walikuwepo walioendelea kuchimba visima pande zote mbili.

#11 Mzee Same

Vijana, huo si msaragambo? Kwetu Upareni baragumu lilikuwa likipigwa alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, mfereji unachimbwa, hata kama maji hayafiki kwako. Tulikuwa tunaimba mpaka kazi inaisha. Sikujua kwamba kuna watu wameifanya kuwa ibada.

#12 Mwana Upanga

Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, shramadana ni kutoa jasho lako sadaka. Hilo la "hata kama maji hayafiki kwako" ndilo hasa lililokuwa moyoni mwa kazi yao.

#13 Nakato wa Garuga

Hamjambo. Nipo Uganda. Kwa walio karibu na Entebbe, kuna kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda mwenzetu aliyekutana na Ubudha akiwa mwanafunzi India mwaka 1990. Yeye anafundisha metta kwa mifano ya kwetu, na watu wa dini zote wanakwenda. Nimeona nitaje kwa sababu wengi wanadhani lazima upande ndege.

#14 Kaka wa Isevya

Nimerudi mkuu. Nimejaribu kwa rafiki yangu wa utotoni, fundi cherehani, mtu wa kucheka sana. Imekubali vizuri, mpaka nikampigia simu bila sababu. Nilipojaribu kwa kaka yangu wa tumbo moja, moyo ukafunga. Tuna kesi ya shamba la baba. Juzi nimesikia kavuna vizuri alizeti, nikakosa hamu ya kula. Kwa huyu nifanyeje?

#15 Mwana Upanga

Hongera kwa ile simu, na pole kwa hili la shamba. Kaka ni mahali pagumu, usimweke kwenye zoezi bado. Rudi kwa fundi cherehani, kaa hapo, kisha jaribu watu wa katikati. Haki yako ya shamba endelea kuidai kwa njia halali. Hakuna aliyesema huruma ni kuachia hati.

Siku ukiwa tayari kumfikia, kuna ushauri wa Buddhaghosa ambao mimi huuamini kuliko yote. Anapanga mbinu za kushusha hasira moja baada ya nyingine: kumbuka jambo moja jema la mtu huyo, fikiri unavyojiumiza mwenyewe, jiulize unachokichukia hasa ni kipi, nywele zake, kucha zake au mifupa yake? Zote zikishindikana, anasema, mpe zawadi. Anasimulia kuhusu mtawa aliyekuwa akiishi kwa kuombaomba chakula, ambaye kwenye monasteri ya Cittalapabbata aliondolewa kwenye malazi yake mara tatu na mtawa mkubwa kuliko yeye. Alichukua bakuli la thamani alilopewa na mama yake, akampelekea yule yule aliyemwondoa, akamwambia kwamba limepatikana kwa halali, alipokee ili mama apate thawabu.

Kwako inaweza kuwa kitu kidogo sana. Gunia tupu za kuvunia, dawa ya mifugo, chochote ambacho kaka anakihitaji msimu huu na kisichohusiana na kesi. Mpe mtoto wake apeleke kama wewe huwezi kufika. Usingoje shukrani, na usimtumie mtu kuulizia alisema nini.

#16 Kaka wa Isevya

Nina madumu ya kuhifadhia mafuta, yanakaa tu stoo. Mwanae mkubwa anapita hapa Jumamosi akienda mnadani. Nitampa.